Vidonge Kumi na Viwili

Edita mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya heshima huanza hivi: mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe. Nimeandika hivyo miaka yote, kwa ndugu, kwa katekista, hata kwa yule bwana aliyeazima baiskeli yangu akahama nayo. Leo kalamu imekataa. Tangu Jumanne najua kwamba mimi si mzima, na kibaya zaidi, najua kwamba hata wakati ule niliokuwa naapa kuwa ni mzima, sikuwa. Mpaka sasa nimepigwa na butwaa. Ukiona mstari umekatika katikati, ujue ni hiyo.

Mambo ya sabuni na soksi na wapi pa kuficha nauli ya kurudia, mama yako anayo huko ndani pamoja na begi lako. Nilijaribu kusaidia nikaambiwa nimekalia nguo zilizopigwa pasi. Kwa hiyo nimekuja huku nyuma, nimekaa juu ya matofali ambayo hayajachomwa, jua bado lipo, nakuandikia mambo ambayo hayakai kwenye begi.

Wiki iliyopita uliniuliza, nusu unacheka, nusu hucheki: "Baba, hivi kweli nitalala nyumbani kwa Bibi Homa?" Nikakujibu kwamba chuo cha ualimu kiko Ngara, bibi yako yuko Ngara, na chumba cha bure hakitukanwi. Wewe ukacheka. Mimi nilienda kumwagilia matofali maji, kitu ambacho hakuna fundi anayekifanya.

Bibi Homa. Jina hilo ulikuwa nalo tangu hujaanza shule. Hukulitunga wewe.

Sasa nikueleze ya Jumanne. Pale hospitali mjini wewe ulikuwa dirishani unasubiri fomu yako ya chuo ipigwe muhuri. Mimi nilibaki kwenye benchi la maabara nachungulia. Unanijua, mlango ukiwa wazi nusu, nusu ya pili naifungua mimi. Yule binti wa maabara alikuwa ameshakutoboa kidole na kukukuta safi, nikaona nimtanie.

"Mwanangu, nipime na mimi basi, nione kama damu ya mfyatua matofali bado ni nyekundu."

Akacheka, akanitoboa. Tukasubiri kile kipimo chake, kidude cheupe kama kipande cha sabuni ya wageni. Akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, una malaria."

"Sina."

"Unayo, mzee. Mistari miwili hii hapa."

"Nimekuja kwa baiskeli kutoka Nyarubungo, nimempakia binti yangu nyuma. Mwenye malaria anapanda mlima ule?"

"Ndio nyinyi tunaowatafuta," akasema. "Anayeumwa anakuja mwenyewe."

Nilibisha, kwa hiyo akachukua tone lingine akalipaka kwenye kioo, akalitia dawa yake ya zambarau, akaniweka kwenye hadubini. "Funga jicho moja, mzee." Mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Kisha nikaona duara nyingi zimebanana kama mahindi kwenye ungo, na katikati yao kitu kimoja kimepinda. Nikahama kidogo, kingine. Edita, katika nchi hii ambayo watu wanakula ndizi, wanakunywa ndizi na kulipia mahari kwa pombe ya ndizi, nimeishi miaka hamsini na tatu bila kujua kwamba ninazo na ndani ya damu.

"Naona ndizi," nikasema.

"Hasa! Wale wadogo kama pete, wanaoingia ndani ya chembe za damu, ndio wanaokuletea homa. Hawa wa ndizi hawakufanyi chochote. Wapo dume na jike. Wamekaa tu, wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

"Mbu, mzee. Wanasubiri usafiri."

Wewe ulitoka dirishani na fomu yako, ukaniuliza kwa nini nimekuwa na rangi ya majivu, nikasema njaa. Ukaninunulia chapati. Niliitia mfukoni.

Unajua mimi na mbu. Wengine wana mifugo. Tangu nianze kuchimba udongo hapa nyuma ya nyumba, mashimo yangu yanajaa maji kila mvua, na mimi nikawa nateka viluwiluwi kwenye chupa ya asali kuviangalia vinavyokua. Wewe mwenyewe ulinisaidia. Nilikuonyesha kwamba wale wanaoning'inia kichwa chini ni kelele tu, lakini wale wanaolala sambamba na uso wa maji, kama mtu anayeota jua, ndio wa malaria. Nilikuonyesha mbu anayetokana nao anavyotua ukutani ameinua makalio kama yuko msikitini. Watu wa hapa waliniita Daktari wa Mbu, na sikukataa cheo. Chandarua changu nilifunikia vifaranga. Nilisema ngozi yangu imeshakuwa tofali.

Nilimchunguza mbu miaka yote hiyo, sikumchunguza anayemlisha.

Darasa la nne mwalimu wetu alichora ubaoni mbu na mtu, na katikati mshale mmoja, kutoka kwa mbu kwenda kwa mtu. Nikaukariri mshale huo. Mbu ana malaria, anakuuma, unaumwa. Sikuwahi kuuliza yeye mbu kaipata wapi. Nilidhani anazaliwa nayo, kama nyuki na sumu yake. Kumbe anatoka kwenye shimo langu la matofali akiwa msafi kuliko mimi. Hana kitu mpaka aume mtu mwenye zile ndizi. Zikifika tumboni mwake, dume na jike wanaoana, kizazi chao kinajishikiza kwenye ukuta wa tumbo lake, kinakua, kinapasuka, kinapanda hadi kwenye mate. Hiyo ni kazi ya siku kumi, kumi na mbili, kutegemea joto. Siku zote hizo mbu akikuuma unajikuna tu. Baada ya hapo akikuuma, anakutemea. Vijidudu vinakimbilia kwenye ini, vinajificha humo karibu wiki nzima bila wewe kujua, vinaongezeka kwa maelfu, kisha vinatoka kwenda kwenye damu, na ndipo unaanza kutetemeka. Yule binti alinieleza yote akiwa anaosha vioo vyake. Nilimwuliza maswali mpaka akaniuliza kama nataka kazi.

Tulirudi, na njia nzima nilikuwa nahesabu siku. Ulidhani nasali.

Nilikuwa nahesabu Kwaresima ile. Ulikuwa na miaka mitano, mdogo wako Fide alikuwa na miwili. Najua unamkumbuka kwa vipande: alivyokuwa anakufuata na kisigino cha ndala mdomoni, alivyokuita "Ita" kwa sababu jina zima lilimshinda.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima nilipata homa. Naikumbuka kwa sababu ilinipa ruhusa ya kutofunga. Nilikwenda zahanati nikapewa dawa mseto, vidonge ishirini na vinne: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Nikameza mara tatu. Siku ya pili jioni nikajiona mzima, nikala ugali na dagaa, nikasema ya nini kupoteza dawa kwa mtu aliyepona? Vikabaki kumi na viwili. Nikasoma karatasi ya ndani, maana unajua nasoma kila kitu, nikaona mtoto mdogo anameza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Sita kwa dozi. Kumi na viwili ni dozi mbili za mtoto! Nilijisifu, Edita. Nilivifungia kwenye kopo la majani ya chai, nikaliweka juu ya kabati, nikajiona baba mwenye akili kuliko wote kati ya hapa na Nyamahanga.

Katika damu yangu wadudu walibaki. Na waliobaki wakazaa ndizi.

Wiki ya nne ya Kwaresima, siku ya Jumatano, bibi yako alitoka Ngara kuja kututazama. Alikuja na kikapu cha maharage na kuku mmoja mwenye hasira. Kule kwao mlimani kuna baridi na mbu ni wachache, kwa hiyo alikuwa kama mgeni asiyejua mbwa wa nyumba. Siku kumi na mbili baadaye, Jumatatu ya Juma Kuu, akaanza kutetemeka. Mama yako akampeleka zahanati, akapewa dawa zake, akazimeza zote kwa saa kama mtu anayesali rozari. Alhamisi Kuu Fide akawaka moto.

Nilisema, "Dawa ipo."

Bibi yako alikuwa amelala kwenye mkeka, bado dhaifu. Mama yako alikuwa kisimani. Nilipanda kwenye kiti nikashusha kopo. Akaniuliza:

"Mkwe, hizo dawa za nani?"

"Za mtoto, mama."

"Zimetoka wapi?"

"Zipo tu."

"Mpeleke hospitali."

"Mama, wewe pumzika."

Nilimpa Fide kimoja, akakitapika. Sikurudia, niliona kama mwili umekwisha kunyonya dawa ya kutosha. Ijumaa asubuhi kimoja, jioni kimoja, nacho akakitapika. Jumamosi alfajiri degedege ikamshika. Nilimfunga mgongoni kwa kanga ya mama yako nikapanda baiskeli. Sikumfikisha. Kuna mahali pale njiani, kabla ya kuingia lami, ambapo hadi leo huwa nashuka na kuikokota baiskeli. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, na nilikushukuru.

Tulimzika Jumatatu ya Pasaka. Watu wamejaa hapa uani, kila mmoja anauliza ilikuwaje, na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Mama alikuja na homa yake kwenye kikapu. Yeye amepona, mwanangu kabaki nayo."

Hayo tu. Ilitosha. Kwa jirani neno likaenda, kanisani likaenda, likarudi kwako likiwa limeshakuwa jina. Bibi yako alikuwa jikoni, na ukuta wa jiko letu ni wa miti. Siku ya nne alichukua kikapu chake. Akaniambia, "Ubaki salama, mkwe." Hajarudi tena hapa.

Sasa sikia hesabu yangu, ipime mwenyewe, wewe ndiye mwalimu. Kutoka siku bibi alipofika mpaka Fide kuugua ni siku kumi na tano. Hata kama angefika amejaa ndizi mpaka masikioni, na mbu akamuuma mlangoni kabla hajatua kikapu, mbu huyo angehitaji siku zake kumi au zaidi, na mwili wa mtoto ungehitaji wiki na zaidi. Haitoshi. Huwezi kuchoma tanuru kwa matofali ambayo hujafyatua. Bibi yako hakuleta kitu. Yeye na Fide walipakuliwa kwenye sufuria moja, na sufuria hiyo ilikuwa nyumbani kwangu kabla yake. Na nani alikuwa na homa katika nyumba hii wiki sita nyuma, akaacha dawa katikati?

Mbu haachi sahihi. Pengine ni mimi, pengine ni jirani, Nyarubungo nzima ilikuwa na homa mwaka ule. Yule binti wa maabara, nilipomgusia wasiwasi wangu, aliniambia nisijitie kitanzi kwa jambo lisilo na ushahidi. Hata ndizi za Jumanne si zile za wakati ule, ni za mbu wa juzijuzi. Nimekubali. Lakini kuna jambo ambalo ushahidi wake ninao, na halihitaji hadubini. Kosa la kwanza sikulijua. La pili nililijua. Nilijua kwamba nilimpa mtoto mabaki yangu, nikampotezea siku mbili, na ndiyo maana nilitafuta haraka mtu wa kubebeshwa. Jioni ile ya mazishi nilichukua kopo nikalitupa kwenye shimo la matofali.

Bibi yako ndiye pekee aliyeliona kopo likishuka kutoka juu ya kabati. Ndivyo nilivyoamini. Sasa unajua kwa nini sikukuruhusu kwenda Ngara hata likizo moja. Nilikuambia ni mbali. Si mbali. Niliogopa mdomo wake.

Na nisikudanganye kwamba barua hii niliianza kwa moyo safi. Niliianza Jumatano, kwa ujanja. Nilitaka nikuambie kwanza, kabla hujakaa naye jikoni jioni moja akakuambia yeye. Nikaandika ukurasa mzuri, wenye machozi mahali pake. Leo asubuhi nikaona nisimruke mama yako, nikamwendea. Alikuwa anachagua maharage. Nikameza vidonge vyangu vinne vya mwisho mbele yake, maana safari hii nimemaliza zote, nikamwambia yote mpaka kopo.

Hakuinua kichwa.

"Baba Edita, ulidhani kopo litazama?"

"Kopo gani?"

"Kopo lenye mfuniko linaelea. Nilikwenda kuteka maji ya kufulia nguo za msiba, nikalikuta linazunguka kama bata. Vilikuwemo tisa."

Nilikaa chini kwenye maganda.

"Ukalifanya nini?"

"Niliosha. Nikatilia chumvi."

Edita, lile kopo la chumvi. Lile lililo mezani. Nimechota humo miaka kumi na minne, na nimelalamika kwamba mfuniko wake una kutu.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza. "Mama yako mzazi nimemsema mbele za watu, na wewe unajua?"

"Nilitaka kusema. Nilikwenda na kopo mkononi. Mama akaninyang'anya. Akasema, huyu amezika mtoto, usimchimbie shimo la pili, ataingia na nyumba nzima. Akasema, mimi nitaondoka, kwetu kuna watu wanaonijua. Wewe hapa una Edita wa kulea, na unahitaji baba yake awe na akili timamu." Akatupa jiwe alilolipata kwenye maharage. "Nilikubali. Nayo ni dhambi yangu, usiiweke kwenye yako. Kila mwaka nakwenda kumsalimia peke yangu, na kila mwaka ananiuliza, mkwe anaendeleaje? Anakula?"

Anakula. Hilo ndilo alilokuwa anauliza, mtu niliyekuwa naogopa mdomo wake.

Ule ukurasa wa ujanja nimeuwashia moto. Huu ndio uliobaki.

Sina mawaidha marefu, na mwenye historia kama yangu akianza kutoa mawaidha umshike mkono umkalishe. Ninayo mawili matatu ya mtu aliyechelewa. Siku ukijisikia umepona, kumbuka kwamba mwili unapenda kutoa taarifa mapema kuliko ukweli. Meza mpaka karatasi iwe tupu. Ukiona mtu anatafuta haraka wa kulaumiwa, wakati udongo wa kaburi bado mbichi, usibishane naye, ila usibebe maneno yake kwenda nayo nyumbani. Na utakapokuwa na darasa lako, ukifika kwenye somo la mbu, chora mshale wa mwalimu wangu, kisha chora na wa pili, wa kurudi, kutoka kwa mtu kwenda kwa mbu. Ndani ya chandarua nalala sasa, vifaranga wametafutiwa kikapu. Yule binti alinichekesha: "Mzee, usilale humo kwa ajili yako. Lala humo ili mbu wasiumwe na wewe."

Nilifikiri pia nikutume wewe. Ufike, upige magoti, useme, "Shikamoo bibi, baba anaomba radhi." Kisha nikajiona: yule yule, anambebesha mwingine mzigo wake, safari hii mtoto aliyebaki. Tena kwetu radhi haiombwi kwa mjumbe wala kwa mikono mitupu. Unakwenda mwenyewe, na pombe ya ndizi, unaketi nje mpaka uitwe ndani. Usipoitwa, unarudi nayo.

Kwa hiyo sikia itakavyokuwa kesho. Pale stendi nitapanda kwenye basi kukuwekea begi, kama wazazi wote. Wenzangu watashuka, watasimama chini wanapunga mikono. Mimi nitakaa. Utaona nina dumu la urwagwa, ile pombe ya ndizi, miguuni na kitu kimefungwa kwenye gazeti, usiulize. Mama yako amemimina chumvi kwenye bakuli leo mchana, akanipa kopo. Barua nitakupa tukishapita Lusahunga, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi.

Ukifika hapa unaposoma, nitakuwa pembeni yako, najifanya naangalia mashamba. Usiniambie kitu bado. Kama unataka kuhama kiti, hama, nitaelewa. Ila tukifika, tangulia wewe kuingia. Msalimie, na umwite bibi tu, bila lile jina lingine. Mimi nitabaki nje na dumu langu, mpaka nisikie kama ananiuliza.

Mimi si mzima, ila dozi nimemaliza. Wasiwasi ni kwake yeye.

Baba yako